Kuzunguka Ulaya kwa gari na hema mkiwa na watoto: mwongozo kamili

Julai ni kiangazi huku, nikadhani ni joto. Saa nane usiku, kando ya Ziwa Bled nchini Slovenia, mwanangu wa miaka sita akanigusa bega: "Mama, chini kuna barafu." Nikaweka kiganja juu ya godoro la upepo. Kweli, lilikuwa baridi kama ukuta wa friji. Juu tulijifunika mablanketi manne. Chini yetu hewa tupu, na chini ya hewa udongo wa milimani. Kulipokucha jirani yetu, mzee wa Kiholanzi, alilibonyeza godoro kwa kidole, akacheka kimyakimya, akaenda kwenye gari lake na kurudi na mikeka miwili ya povu. Usiku uliofuata tulilala mpaka jua likatuamsha.

Nimeandika haya kwa familia za Waswahili zinazoishi huku, na kwa ndugu wanaotoka nyumbani kuja kututembelea. Msimamo wangu nautoa mapema: safari ya hema huharibiwa na vitu viwili kuliko vyote, usingizi mbovu na kufika kambini jioni watoto wameshachoka. Gari likiharibika litatengenezwa. Mvua itakatika. Lakini mtoto asiyelala siku mbili mfululizo atawarudisha nyumbani.

Hatua ya kwanza: chora duara dogo

Wengi huanza na orodha ya nchi. Paris, Barcelona, Roma, Prague, zote ndani ya wiki mbili. Hiyo ni kazi ya udereva wa lori, nayo hata hailipwi.

Duara letu, ambalo nitalitumia kama mfano hadi mwisho, linaanzia nyumbani kwetu Köln, Ujerumani. Köln hadi München ni kama kilomita 575. München hadi Bled, kupitia Salzburg na Villach, kama 350. Bled hadi Rovinj kwenye rasi ya Istria, Kroatia, kama 240. Rovinj hadi Punta Sabbioni, mkabala na Venezia, kama 250 kwa njia ya Trieste. Kutoka hapo hadi Peschiera, kusini mwa Ziwa Garda, kama 170. Halafu kurudi München kwa njia ya Brenner, inayokatiza milima kutoka Italia kuingia Austria, kama 430, na nyumbani. Jumla haifiki 2,600, ila ukiongeza safari za dukani na matembezi, mita itakaribia 3,000.

Usiku tuliugawa hivi: mmoja karibu na München, minne Bled, sita Rovinj, mitatu Punta Sabbioni, minne Garda, mmoja tena njiani. Ni usiku 19. Kanuni yangu ni kwamba hema kubwa halipigwi mahali tutakapolala chini ya usiku mitatu. Kulipiga na kulipanga vizuri huchukua saa moja na nusu, kulivunja na kulipakia vilevile, kwa hiyo kila kuhama kunakula siku nzima. Usiku wa njiani tunalala chumba cha familia kwenye Jugendherberge, hosteli za vijana za Kijerumani ambazo hupokea familia pia kwa ada ndogo ya uanachama, au tunakodi kijumba cha mbao kambini. Bibi yao alipokuja kutoka Tanga tulimkodia nyumba ya magurudumu ndani ya kambi ileile, yenye kitanda na choo, sisi tukabaki kwenye hema hatua ishirini kutoka mlangoni kwake. Usimlaze mtu wa miaka sabini chini ati kwa sababu ni utalii.

Hatua ya pili: tarehe na kiwanja

Ukiwa na watoto wa shule Ujerumani huna uhuru wa tarehe. Kumtoa mtoto shuleni kabla ya likizo kunaweza kukuletea faini. Basi utasafiri Julai na Agosti pamoja na Ulaya nzima, na kambi za ziwani na baharini hujaa mapema. Sisi huandika barua pepe Januari. Ukichelewa hadi Mei, bado utapata nafasi kwenye kambi ndogo za mashambani, ambazo mara nyingi ni tulivu na bei yake ni nusu, ila maji ya kuogelea yatakuwa mbali.

Unapokata nafasi uliza mambo haya: kiwanja kina mita ngapi za mraba (80 hadi 100 ni sawa kwa familia), kina kivuli saa za mchana, umeme ni ampea ngapi, na kiko mbali gani na vyoo. Cha karibu sana utasikia milango usiku kucha. Cha mbali sana utambeba mtoto gizani. Uliza pia ushuru wa watalii, unaolipwa kwa kichwa kwa usiku na mara nyingi haumo kwenye bei ya tangazo.

Na jambo moja ambalo hatukuambiwa na mtu. Istria ina kambi kubwa za watu wanaokaa uchi, desturi ya miaka mingi pale. Koversada karibu na Vrsar ilifunguliwa mwaka 1961. Ukiona herufi FKK au neno naturist kwenye jina au maelezo ya kambi, hiyo ndiyo maana yake. Wenyewe ni watu wastaarabu na hawana neno na mtu, lakini hutaki kuligundua hilo getini ukiwa na mama mkwe kiti cha mbele.

Kuhama hamieni Jumanne au Jumatano. Jumamosi za Julai na Agosti barabara za kwenda kusini husimama kabisa, na wiki ya tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Ferragosto, Italia yote iko pwani.

Hatua ya tatu: karatasi

Nchi zote tano za duara hili, Ujerumani, Austria, Slovenia, Kroatia na Italia, zimo ndani ya Schengen na zinatumia euro. Kroatia iliingia kote kuwili tarehe 1 Januari 2023. Hiyo haina maana kwamba hakuna ukaguzi. Katika miaka ya karibuni serikali kadhaa zimerudisha ukaguzi mipakani. Pasi na vibali vya ukaazi vikae kwenye mfuko mmoja mbele ya gari, si chini ya magodoro. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani kinakuruhusu kutembea nchi nyingine za Schengen siku 90 ndani ya siku 180, lakini kibali bila pasi hakitoshi.

Jambo linalotupata sisi Waswahili kuliko wengine ni majina. Mimi natumia jina la baba yangu, watoto wanatumia la baba yao. Askari akishika pasi zetu anamwona mwanamke ambaye jina lake halifanani na la mtoto hata mmoja aliyelala kiti cha nyuma. Beba nakala za vyeti vya kuzaliwa zenye tafsiri. Kama mzazi mmoja hayupo, beba barua yake ya ridhaa iliyosainiwa, pamoja na nakala ya pasi yake.

Mgeni anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya hapo ni bure. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Ombi linapelekwa ubalozi wa nchi atakayolala usiku mwingi zaidi, kwa hiyo hesabu usiku kwa uaminifu. Kama atakaa kwenu Köln wiki tatu na kambini wiki mbili, ni Ujerumani. Na kama atashika usukani, leseni ya nyumbani iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva. Kinatolewa kulekule leseni ilikotoka, kwa hiyo akisahau hutaweza kumkatia huku.

Kadi yako ya bima ya afya ya Ujerumani igeuze: mgongoni ndiyo kadi ya Ulaya, inayokupa matibabu ya lazima katika nchi hizi. Namba ya dharura ni 112 kote. Wafundishe watoto.

Hatua ya nne: gari na ushuru wa barabara

Vizibao vya reflekta, kimoja kwa kila abiria, vikae ndani ya gari mlangoni. Ukiviweka kwenye buti chini ya hema, siku pancha ikikupata kwenye milima ya Tauern, Austria, utashuka gizani bila kuvaa kitu. Pembetatu ya tahadhari na sanduku la huduma ya kwanza viwemo. Watoto wakae kwenye viti vyao mpaka watimize urefu wa sentimita 150. Austria inaruhusu kuacha kwenye 135, lakini utapita Ujerumani na Italia pia.

Boksi la juu ya paa ni zuri, ila soma kitabu cha gari. Magari mengi hubeba kilo 75 hadi 100 tu juu ya paa, na uzito wa boksi lenyewe umo humo. Vitu vizito viwe chini, vyepesi juu: mito, mifuko ya kulalia, nguo. Kisha ongeza upepo wa matairi kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema kwa gari lililojaa.

Ushuru ndio unaowachanganya watu. Ujerumani gari dogo halilipi. Austria unanunua stika iitwayo Vignette, ya siku moja, siku 10, miezi miwili au mwaka. Kama unapita tu kwenda na kupita tu kurudi, mbili za siku moja zinatosha. Lakini Vignette haifuniki kila kitu: mahandaki ya Tauern, lile la Karawanken la kuingilia Slovenia, na njia ya Brenner, hulipiwa mbali mbali. Nunua kwenye tovuti ya ASFINAG, shirika la barabara la Austria, au kwenye vituo vya mafuta kabla ya mpaka. Mtandaoni wamejaa madalali wanaoongeza bei.

Slovenia stika ni ya kielektroniki, inafungwa na namba ya gari. Hapa kuna mtego. Ya wiki inaisha siku saba. Ukilala Bled siku nne na Rovinj sita, siku ya kwenda Trieste utakatiza tena kipande kifupi cha Slovenia karibu na Koper, na stika yako imeshakufa. Kamera hazijali kwamba ni kipande kifupi. Ya mwezi bei yake ni kama mbili za wiki, kwa hiyo nunua hiyo tangu mwanzo upumzike.

Kroatia na Italia mnachukua tiketi mnapoingia na kulipa mnapotoka. Italia usiingie mstari wa njano wa Telepass, wa kulipa kwa kifaa cha kielektroniki, kama huna kifaa hicho. Na ukikaribia katikati ya miji kama Verona, tafuta kibao cha duara jekundu chenye maneno Zona Traffico Limitato, yaani eneo ambalo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kuingia. Hakuna geti wala askari, kuna kamera tu, na barua ya faini hufika nyumbani miezi kadhaa baadaye wakati umeshasahau hata jina la mtaa. Egesha nje, ingia kwa miguu.

Mwendo wa juu kwenye barabara kuu za Austria, Slovenia, Kroatia na Italia ni 130, ila Tirol, jimbo la Austria, vibao vya IG-L, vya kupunguza uchafuzi wa hewa, huushusha hadi 100. Slovenia taa za mbele ziwake hata mchana, na Italia pia ukiwa nje ya mji. Kwenye Brenner, tangu Januari 2025 daraja la Lueg linajengwa upya na njia imebanwa, basi pitia hapo alfajiri.

Mafuta usijaze barabarani. Toka nje, nenda kijiji cha kwanza, tofauti ni kubwa. Mwaka 2011 Austria iliweka kanuni kwamba vituo vipandishe bei mara moja tu kwa siku, saa sita mchana. Ndiyo maana mume wangu kule hujaza saa tano na nusu, na husimulia akiba ya euro tatu mpaka tufike Slovenia.

Hatua ya tano: kitanda

Hapa ndipo pesa yako iende. Hema zuri lenye magodoro mabaya ni mateso. Hema la kawaida lenye magodoro mazuri ni safari.

Baridi ya usiku hutoka chini. Godoro la upepo la kawaida, lile la kuogelea nalo, hewa yake huzunguka ndani na kubeba joto la mwili wako kulipeleka ardhini. Tafuta godoro lenye povu ndani, linalojijaza lenyewe, na usome namba ya R kwenye boksi, inayoonyesha godoro linavyozuia baridi ya chini. Kwa kiangazi cha maziwa ya milimani taka 3 kwenda juu. Kama bajeti hairuhusu, tandika mkeka wa povu chini ya godoro la upepo na blanketi la sufi kati yao. Mfuko wa kulalia nao huwa na namba mbili au tatu za joto. Inayokuhusu ni ile ya starehe. Ile ya mwisho kabisa inasema utabaki hai, haisemi utalala.

Watoto wavae soksi kavu na kofia nyepesi, waende haja kabla ya kuingia, na kila mmoja apewe chupa ya chuma yenye maji ya moto iliyovikwa soksi. Ndani ya mfuko tunaweka kanga. Nailoni tupu hunata kwenye ngozi, na kanga hukauka haraka, huwa pazia la kubadilishia nguo, huwa taulo, huwa kivuli cha dirisha la gari. Tuna sita, hazijawahi kutosha.

Hema lenyewe: vyumba viwili, sebule ya kusimama wima, na kitambaa cha nje chenye kuhimili maji milimita 3,000. Lipigeni mara moja kwenye bustani au nyanda ya jirani kabla ya safari. Mambo ya kujifunza siku hiyo ni machache lakini hayana mbadala: vigingi vinaingia kwa kuinama, kichwa kikielekea mbali na hema, turubai la chini lisichungulie nje ya ukingo, maana likichungulia litakinga mvua na kuipeleka chini ya watoto, na vigingi vya bati vilivyokuja na hema havifai Istria, ambako ardhi ni mawe. Nunua vya chuma kigumu na nyundo ya kweli. Ukifika kambini angalia nyasi kabla hujafungua mfuko. Palipo na bonde dogo, hata la kina cha sufuria, ndipo maji yatakapolala.

Hatua ya sita: umeme, gesi na jiko

Soketi za kambini ni zile za duara za buluu zenye pini tatu. Utahitaji waya wa mita 25 wenye kichwa hicho, na uzi wake wa shaba usiwe chini ya milimita 2.5 za mraba. Ufungue wote hata kama unahitaji mita tano. Waya uliozungushwa kwenye gurudumu hupata moto.

Kisha piga hesabu. Kiwanja cha ampea 6 kinakupa wati 1,380, yaani 6 mara 230. Birika la umeme la nyumbani linakula wati 2,200. Siku ya kwanza tulichemsha chai ya saa moja asubuhi, tukazima umeme wetu na wa majirani watatu waliokuwa sanduku moja nasi. Nunua birika dogo la wati 1,000 na usiliwashe pamoja na kitu kingine.

Jiko la gesi la mawe mawili ndilo kazi yote. Mitungi haifanani nchi kwa nchi, kwa hiyo chagua mfumo unaopatikana popote. Mtungi wa buluu wa Campingaz wa kilo 2.75 unabadilishwa karibu kila nchi ya huku. Safarini usimame wima, umefungwa barabara, na dirisha lifunguliwe kidogo.

Sasa mkaa. Wengi wetu tumekulia kwenye jiko la mkaa, na jioni ya baridi mkono unataka kulivuta ndani. Usifanye hivyo kamwe. Makaa yakionekana yamekufa, yamebaki majivu meupe tu, bado yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na hema halipitishi hewa kama jiko la uani. Watu hufa usingizini kila mwaka kwa namna hiyo. Jiko la gesi vilevile halipashi joto chumba cha kulala. Nje nako, Istria na Italia majira ya ukame moto wa wazi mara nyingi hupigwa marufuku, basi uliza mapokezi kabla hujawasha hata nyama ya mshikaki.

Na usijaribu kulala porini au maegesho ya pwani. Kroatia na nchi nyingi za huku zinapiga faini. Uhuru wa kupiga hema popote uko kaskazini, Norway na Sweden, na huko nako kuna masharti: Norway inataka mita 150 kutoka nyumba ya karibu.

Hatua ya saba: mnakula nini

Ugali upo. Unaitwa polenta. Kwenye maduka ya Veneto, upande wa Venezia na Garda, utakuta polenta bianca, unga wa mahindi meupe kabisa. Soma neno dogo chini yake: bramata ni uliosagwa mnene, unachukua muda na mkono utauma, fioretto ni laini, ndio wa kwetu. Ukiona istantanea acha, umeshapikwa kiwandani, hausongeki, unabaki uji. Kroatia huitwa palenta na mwingi ni wa manjano wa haraka, kwa hiyo beba kilo mbili za nyumbani za kuanzia. Mwiko pia beba. Niliwahi kusonga ugali kwa kijiko cha plastiki cha saladi, kikapinda kama mshumaa.

Nyumbani ninapika mchuzi wa nyama mara mbili, ninaugandisha kwenye mikebe, na mikebe hiyo ndiyo barafu ya deli siku mbili za mwanzo. Kwa wanaotafuta nyama ya halali, ipo tele kwa Waturuki wa Ujerumani na Austria. Ukivuka Karawanken inakuwa adimu, na hapo tunahamia kwenye samaki. Sardini wa Istria, wakiitwa srdele, ni rahisi na wanakaangwa na ndimu na pilipili kama wa Forodhani. Chapati ninabeba thelathini.

Jumapili maduka ya Ujerumani, Austria na Slovenia yamefungwa. Ukifika kambini Jumamosi jioni bila maziwa, utanunua ya kituo cha mafuta kwa bei ya asali.

Hatua ya nane: siku ya kuhama

Usiku wa kuamkia: lipa mapokezi, osha na funga vyombo vyote isipokuwa birika na vikombe, kunja kila kitu kilicho nje. Asubuhi saa moja, baada ya muda wa kimya kwisha, mmoja anawapeleka watoto bafuni na mwingine anatoa hewa kwenye magodoro. Saa mbili chai na chapati. Saa tatu na nusu hema liko kwenye mfuko. Kabla ya kuondoka watoto watembee kiwanja kizima wakitafuta vigingi. Tunalipa senti kumi kwa kigingi, na hatujapoteza kimoja tangu tuanze kulipa.

Lengo ni kufika kabla ya saa saba mchana au baada ya saa tisa. Katikati hapo kambi nyingi za Ujerumani na Austria zina kimya cha mchana: mapokezi yamefungwa, kizuizi kimeshuka, utasubiri juani na watoto wenye njaa. Ukichelewa, usikubali kufika usiku. Lala njiani, hata kwa gharama.

Mkifika, kazi zina mpangilio. Kwanza chumba cha kulala na magodoro, halafu umeme, halafu jiko. Meza na taa za mapambo zitasubiri kesho. Watoto wapewe kazi halisi, ya kuchota maji au kupanga vigingi, na mmoja awapeleke kutazama choo kilipo kabla giza halijaingia.

Hatua ya tisa: kuishi hapo

Kimya cha usiku huanza saa nne hadi saa moja asubuhi na watu wanakiheshimu kweli. Sauti zetu ni kubwa. Hilo tulikubali baada ya kupewa tabasamu la barafu mara mbili. Bafuni nenda na ndala. Ukipita kwenye njia msalimie kila mtu, ni desturi ya kambini, na ndivyo tulivyoazimwa mikeka ya povu.

Misitu ya kusini mwa Ujerumani, Austria na Slovenia ina kupe wanaobeba ugonjwa wa ubongo, FSME. Kuna chanjo ya dozi tatu, muulize daktari mwanzoni mwa mwaka. Kila jioni kagua watoto nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti na kiunoni. Kupe mng'oe kwa kibano taratibu, usimpake mafuta. Istria nunua viatu vya majini, pwani ni mawe na wanyama wa miiba wanashikamana nayo.

Ukienda mapango ya Postojna vaa sweta, ndani ni kama nyuzi 10 mwaka mzima. Venezia mnakwenda kwa meli kutoka Punta Sabbioni. Tangu 2024 kuna siku maalumu, kuanzia Aprili, ambazo wageni wa kutwa hulipa ada ya kuingia, na watoto chini ya miaka 14 hawalipi lakini angalia taratibu kabla.

Mvua za radi za mchana kwenye maziwa haya huja ghafla, na Garda huleta hata mvua ya mawe. Mawingu yakijenga mnara nyuma ya milima, shusha kivuli cha mbele, kaza kamba, ingiza viatu. Radi ikiwa karibu, wote ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Tuna karata maalumu za gari kwa ajili hiyo.

Pesa, kwa ufupi

Kilomita 3,000 kwa lita 7 kila mia ni lita 210. Kwa euro 1.70 ni 357. Kiwanja cha ziwani au baharini msimu wa juu kwa watu wanne au watano huwa euro 50 hadi 90 kwa usiku. Sisi tunapanga 65, na usiku 17 wa hema unakuwa 1,105. Vifaa nunua vilivyotumika Septemba, watu wakirudi safari na kuapa hawarudii tena. Hema letu lilikuwa limelaliwa wiki moja tu.

Hatua ya mwisho, ambayo huachwa

Hema lililokunjwa bichi asubuhi ya mwisho lina siku mbili tatu kabla halijaota ukungu mweusi ambao hautoki. Usiku huohuo mkifika nyumbani, kabla ya kufungua begi la nguo, litandazwe. Sisi hatuna bustani. Tunalitundika kwenye ngazi za ghorofa, kuanzia ya tatu hadi ya pili, na tumeshabandika karatasi ya kuomba radhi kwa majirani.